Kadi ndogo kwa mtu usiyemjua



"Mwanangu, mimi sikusoma, na huyo mtu hanijui. Nitamwandikia nini?"

Swali hili niliulizwa na mama mmoja katika kambi ya wakimbizi wa ndani, huku kwetu mashariki ya Kongo. Siku hiyo tulikuwa tumekaa na wazazi chini ya hema ya mikutano. Nilikuwa nimeshika kadi tupu, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Nilikuwa naeleza kwamba duniani kuna watu wengi wanaotumiana kadi za posta bila kujuana, na kwamba sisi pia tunaweza kujaribu jambo kama hilo kati ya jamii zetu ambazo hazisemezani. Wazazi walinisikiliza kwa heshima, lakini niliona machoni mwao kwamba jambo lenyewe linaonekana kuwa mchezo wa watu walioshiba.

Katika makala hii nataka kujibu swali la mama huyo. Nitaeleza kadi ya posta ni nini, watu wasiojuana wanaitumia namna gani, vita imeifundisha nini, na sisi tulipojaribu tulikosea wapi. Mwishoni nimeweka hatua ambazo kamati ya kambi, walimu, machifu na viongozi wa dini wanaweza kuzifuata.

KADI YA POSTA NI NINI?

Kadi ya posta ni barua isiyo na bahasha. Upande mmoja mara nyingi una picha. Upande wa pili umegawanywa: kushoto maneno machache, kulia anwani ya anayepelekewa na stempu, au tembre kama tunavyosema huku kwetu. Haifungwi wala haifichwi. Kila mtu anayeishika njiani anaweza kuisoma.

Kadi rasmi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Mwalimu wa uchumi, Emanuel Herrmann, alikuwa ameandika katika gazeti mwanzoni mwa mwaka huo kwamba watu wanapoteza muda na pesa kuandika barua ndefu zenye salamu nyingi, wakati habari yenyewe ni ya mistari miwili. Kadi hiyo haikuwa na picha. Iligharimu kroiza 2, wakati barua ya kawaida iligharimu 5. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa karibu milioni 3. Maskini, askari, wafanyakazi wa viwandani na watu waliosoma kidogo wote waliweza kuitumia, kwa sababu hakuna aliyetegemea maneno mengi ndani yake.

Ili kadi ivuke mipaka, nchi zilihitaji kupatana. Tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilitia sahihi mapatano katika mji wa Bern, Uswisi, na ndiyo mwanzo wa Umoja wa Posta Duniani. Nchi hizo, ambazo nyingine zilikuwa zimepigana vita miaka michache tu kabla ya hapo, zilikubali kwamba kwa jambo la barua dunia nzima ihesabiwe kuwa eneo moja. Stempu ya nchi moja iheshimiwe na nchi nyingine, na barua ya mgeni ipelekwe kama barua ya mwenyeji. Kongo iliingia katika umoja huo mwaka 1886.

Lazima pia tuseme ukweli mwingine. Wakati wa ukoloni, kadi nyingi zenye picha za Kongo zilisafiri kwenda Ulaya. Mwaka 1912 serikali ya Kongo ya Wabelgiji yenyewe ilitoa kadi za namna hiyo. Babu na bibi zetu walionekana katika kadi kama hizo, lakini aliyeandika nyuma alikuwa mtu mwingine. Walitazamwa na watu wa mbali bila kuulizwa neno. Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya kadi kama njia ya amani, tuanze na kanuni hii: anayeonekana katika kadi ndiye aandike, au maneno yake mwenyewe yaandikwe.

WATU WASIOJUANA WANAANDIKIANA NAMNA GANI?

Tarehe 14 Julai 2005 kijana mmoja Mreno, Paulo Magalhães, aliyekuwa bado mwanafunzi, alianzisha mpango unaoitwa Postcrossing. Alipenda sana kupata kadi katika sanduku lake la posta, lakini hakujua watu wa kuandikiana nao. Mpango wake unaenda hivi:

1. Unajiandikisha kwa njia ya intaneti na kutoa anwani yako ya posta.
2. Unaomba kutuma kadi. Unapewa jina na anwani ya mtu mmoja usiyemjua, popote duniani, pamoja na namba ya kadi hiyo. Namba inaanza na herufi za nchi ya anayetuma.
3. Unaandika kadi, unaandika ile namba juu yake, unabandika stempu na kuipeleka posta.
4. Kadi ikifika, aliyeipokea anaandikisha namba ile. Hapo inajulikana kwamba kadi yako imefika.
5. Sasa anwani yako inapewa mtu mwingine, na wewe utapokea kadi kutoka kwake.

Angalieni sana hatua ya tano. Yule uliyemwandikia siye atakayekuandikia. Ulimtumia mzee wa Ufini, na wewe utapata kadi kutoka kwa mwalimu wa Brazili. Sisi Wakongo tunalijua jambo hili vizuri: ni kama likelemba. Leo unatoa na mwingine anapokea, kesho zamu yako inafika. Hudai kwa mtu mmoja, unategemea duara lote. Na anayeanza hapewi kadi nyingi kwa mara moja. Anaruhusiwa kuwa na kadi 5 tu njiani, mpaka ijulikane kwamba ni mtu wa kweli na kadi zake zinafika.

Mwaka 2008 mpango huu ulifikisha kadi milioni 1 zilizopokelewa. Mwaka 2012 zilikuwa milioni 10. Leo zimepita milioni 70. Wanaoandika ni wastaafu, wanafunzi, wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, madereva, walimu wanaofundisha jiografia kwa kadi zilizobandikwa ukutani. Wengi wao hawana pesa za kusafiri. Wanasema wanasafiri kwa kupitia sanduku la posta.

Wanaandika nini? Mambo ya kawaida. Mvua imenyesha. Binti yangu ameanza shule. Hapa tunakula samaki siku ya Ijumaa. Paka wangu amezeeka. Kwa mtu anayeyasoma, yule mgeni anaacha kuwa jina la nchi tu. Anakuwa mtu mwenye binti na mwenye paka.

SISI TULIOSAFIRI KWA KUKIMBIA

Wasomaji wengi wa jarida hili watasema: hao ni watu wanaosafiri kwa furaha. Sisi tumesafiri usiku, na godoro kichwani. Ni kweli. Safari ya hiari na safari ya kukimbia si kitu kimoja, na sitaki kuzichanganya.

Pia ni vigumu kwa familia iliyo kambini kuingia katika mpango kama Postcrossing. Unahitaji anwani ya kudumu, na mkimbizi hana. Unahitaji posta, na katika sehemu nyingi za mashariki posta haifanyi kazi kama zamani. Unahitaji pesa ya stempu, wakati hata pesa ya chumvi haitoshi.

Lakini kanuni zake tunaweza kuzichukua, kwa sababu hazihitaji pesa. Nimeona tatu.

Ya kwanza: kadi ni fupi, kwa hiyo haimtishi mtu. Ukimwambia mtu aliyefiwa amwandikie adui barua ya msamaha, umemtwika mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Ukimwambia aandike mistari mitatu juu ya mvua na maharagwe, anaweza.

Ya pili: kadi iko wazi, kwa hiyo haileti shaka. Katika mazingira yetu barua iliyofungwa inaweza kuleta balaa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari atauliza: imeandikwa nini humu, na kwa nani? Kadi isiyo na siri kila mtu anaisoma.

Ya tatu: kadi inakwenda kwa duara, kwa hiyo haiwi deni kati ya watu wawili. Kama yule mmoja hakujibu, si lazima iwe tusi. Mwingine atajibu.

KADI WAKATI WA VITA

Kwa kweli kadi fupi na iliyo wazi si ngeni katika vita. Mwaka 1870, Ufaransa na Prussia zilipopigana, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi katika mji wa Basel, Uswisi, ili kusaidia habari kupita kati ya wafungwa na familia zao. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, ofisi kama hiyo ilifunguliwa Geneva. Ilijaza karibu kadi milioni 7 za kumbukumbu ili kufuatilia wafungwa na watu waliopotea. Kadi hizo zimehifadhiwa mpaka leo.

Katika vita ya pili ya dunia, raia waliotenganishwa na mipaka ya mapigano waliruhusiwa kuandikiana kwa fomu ya Msalaba Mwekundu yenye maneno yasiyozidi 25. Habari ya familia tu. Zilipita karibu fomu milioni 24. Fikirini: maneno 25 kumwambia mama kwamba bado uko hai.

Kazi hiyo imefika mpaka kwetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, watu wengi walikimbilia Goma na Bukavu, na zaidi ya watoto 100,000 katika eneo letu walikuwa wametengana na wazazi. Kwa wale wadogo wasioweza kutaja majina ya baba na mama, picha zao zilipigwa na kubandikwa mahali pa wazi ili wazazi wawatambue. Kwa waliojua majina, ujumbe wa Msalaba Mwekundu uliandikwa na kupelekwa kwa mkono, kutoka kambi hadi kambi.

Wengi wenu mnaujua ujumbe huo. Ni karatasi iliyo wazi. Hailipiwi. Inaandikwa habari za familia tu, si za jeshi wala za siasa. Inasomwa kwanza ili kuhakikisha kanuni imefuatwa, kisha wajitolea wanaipeleka, hata kwa miguu, wakimtafuta mtu kwa jina lake, jina la baba yake na la mama yake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Anayepokea anaweza kujibu. Kama umetengana na mtu wa familia yako, usingoje mpango wa kadi ninaoueleza hapa. Nenda kwanza kwa wajitolea wa Msalaba Mwekundu walio karibu nawe.

Tofauti ni hii: ujumbe wa Msalaba Mwekundu unatafuta mtu unayemjua aliyepotea. Kadi ninayoieleza inakwenda kwa mtu usiyemjua kabisa, ambaye labda umefundishwa kumwogopa.

TULIVYOJARIBU, NA KOSA LANGU

Tulichagua shule mbili. Ya kwanza iko karibu na kambi, inasomesha watoto wa wakimbizi pamoja na wa wenyeji. Ya pili iko ng'ambo ya mlima, katika kijiji cha kabila lingine. Watu wa pande hizi mbili waliwahi kuuza na kununua katika soko moja. Tangu mapigano, kila upande unasema juu ya mwingine: hao ndio waliotufukuza.

Tulikata karatasi ngumu za makartoni kuwa kadi. Watoto walichora upande mmoja na kuandika upande wa pili. Nikaziweka kadi zote katika mfuko wangu ili nizipeleke kesho yake kwa pikipiki.

Jioni hiyo mama mmoja alikuja nyumbani nilipolala. Alikuwa anahema.

"Mwanangu, kadi ya mtoto wangu iko wapi?"

"Iko hapa, mama. Kuna nini?"

"Mtoto ameniambia alichoandika. Ameandika jina la kijiji chetu na jina la baba yake. Ameandika kwamba baba yake amerudi kule kuangalia shamba. Sasa hao wakijua yuko kule peke yake?"

Sikuwa na jibu. Tulimwaga kadi zote juu ya kitanda na kutafuta kwa mwanga wa tochi mpaka tukaipata. Aliichukua, akaikunja, akaitia kifuani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mimi nilikuwa nimefurahia wazo langu mno, nikasahau kwamba kadi iliyo wazi inasomwa na kila mtu. Uwazi unaoondoa shaka kwenye kizuizi ndio huohuo unaoweza kumfikisha mtu kwa anayemtafuta. Asubuhi nilirudi shuleni, nikawaeleza watoto na wazazi kwamba nimekosea, na kadi zote zikarudishwa kwa wenyewe. Hakuna hata moja iliyokwenda. Tulianza upya baada ya wiki mbili, baada ya kukaa na wazazi wa pande zote mbili, kila upande mahali pake, na kupatana juu ya kanuni.

Mara ya pili kadi zilikwenda. Majibu yalipofika, tuliona kosa lingine. Kadi hazikutosha. Baadhi ya watoto walikaa mikono mitupu wakiwatazama wenzao, na mmoja akasema: "Hata wao wamenikataa." Tangu siku hiyo, kabla ya kugawa kadi tunazihesabu. Zikipungua, hatugawi mpaka walimu wa upande wa pili wakamilishe hesabu.

Na kulikuwa na kadi moja kutoka ng'ambo iliyoandikwa maneno mawili tu: "Rudini kwenu." Mkuu wa shule aliiona kabla haijatoka. Hakumpiga yule mtoto. Alimwita na kumwuliza. Mtoto akasema kwamba kaka yake aliuawa njiani akienda sokoni. Mkuu wa shule alimwambia hatalazimishwa kuandika. Mpaka mwisho wa mwaka huo wa shule hakuandika. Lakini alikubali kuchora, na mchoro wake wa mbuzi ulitumwa bila maneno.

Baada ya miezi kadhaa, mama wawili wa pande hizi mbili walikutana sokoni wakiuza viazi. Mmoja akamwuliza mwenzake: "Ninyi wa kule, yule mtoto aliyechora mbuzi ni wa nani?" Ndilo neno la kwanza nililosikia likipita kati yao.

HATUA ZA KUFUATA

Kama kamati yenu inataka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anzeni na wakubwa. Chifu, wazee, mkuu wa shule, mchungaji, padri au imamu wa pande zote mbili wajue na wakubali. Watawala wa mahali na wakuu wa kambi waonyeshwe kadi tupu kabla ya kazi kuanza.

2. Tafuteni wabebaji wanaoaminika na pande zote mbili. Anaweza kuwa mwalimu, mwuguzi au mama mfanyabiashara anayevuka kila siku ya soko. Mtoto asitumwe kupeleka kadi. Njia ikiwa mbaya, kadi zingoje.

3. Patana juu ya kisichoandikwa. Sisi tulipatana hivi: jina la kwanza tu. Hakuna jina la baba, la kijiji wala la kilima. Hakuna habari ya nani amesafiri, yuko wapi, au ana nini nyumbani. Hakuna siasa, jeshi, kabila wala tusi. Picha za simu zisibandikwe.

4. Patana juu ya kinachoandikwa. Chakula unachopenda. Kazi unayofanya asubuhi. Mchezo. Mvua na jua. Mnyama. Wimbo mnaoimba mkilima. Na mwishoni, swali moja kwa anayepokea. Swali ndilo linalofungua mlango wa jibu.

5. Asiyejua kuandika aandikiwe. Mwandishi aandike maneno ya mwenyewe kama alivyoyasema, kisha amsomee kabla kadi haijatoka. Asiyarekebishe ili yapendeze.

6. Kadi zisomwe na watu wawili, mmoja wa kila upande. Wakiona neno la hatari, warudi kwa aliyeandika, wamwulize kwa upole. Wasifute bila kumwambia.

7. Tumieni namba, si majina. Kila kadi ipewe namba, na daftari moja libaki kwa mkuu wa shule au katibu wa kamati, mahali penye kufuli. Hali ikiharibika, daftari hilo liharibiwe kwanza.

8. Endeni kwa duara. Aliyeandika apate kadi ya mtu mwingine. Hakikisheni hakuna anayebaki bila kitu.

9. Anayetaka kuacha, aache. Asiulizwe sababu mbele ya watu.

Gharama si kubwa: makartoni, makasi, kalamu, rangi kidogo. Tulitumia hata makartoni ya sabuni.

KADI HAIWEZI KUFANYA NINI?

Viongozi wapendwa, tusidanganyane. Kadi hairudishi shamba. Haiondoi bunduki barabarani. Haihukumu aliyeua. Kama watu wanadai haki yao, msiwape kadi badala ya haki. Itakuwa dhihaka, nao watawachukia ninyi na kadi zenu.

Na msifanye jambo hili wakati mapigano yapo karibu, au wakati maneno ya chuki yanapita kwenye simu na redio. Hapo kadi inaweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyeandika: "Huyu anazungumza na adui." Ngojeni. Karatasi haiozi upesi.

Kadi inaweza kufanya jambo moja dogo. Tunapoishi mbali na wengine kwa woga, tunawaona wote kuwa kitu kimoja: "wale". Hatujui tena kwamba kati ya "wale" kuna anayeumwa jino, anayependa sombe yenye mawese mengi, anayeogopa radi. Kadi inamtoa mtu mmoja katika "wale". Akishatoka mmoja, ni vigumu kidogo kuwachukia wote kwa namna ileile. Kidogo tu. Lakini wazee wanasema haba na haba hujaza kibaba.

JIBU LA MAMA

Yule mama aliyeniuliza ataandika nini alikuja siku nyingine, akaketi mbele yangu na kusema: "Andika basi." Nikaandika kama alivyosema:

"Mimi ni mama wa watoto watano. Hapa tunapoishi mvua ni nyingi na kuni ziko mbali. Kwetu nilikuwa nalima maharagwe. Wewe unalima nini?"

Baada ya wiki tatu alipokea kadi kutoka kwa mtu wa ng'ambo. Kwa sababu ya duara, si yule aliyeisoma kadi yake. Lakini walimu wa kule walikuwa wamesoma maswali ya kadi zote kwa sauti katika mkutano wa wazazi, na mama mmoja akachagua kujibu swali hili: "Sisi pia tunalima maharagwe. Mwaka huu mvua iliyaharibu. Watoto wako wamepona kikohozi?"

Hakuwa ameandika kwamba watoto wanakohoa. Yule mwenzake alijua tu kwamba penye mvua nyingi na kuni chache, watoto wanakohoa.

Aliniomba nimsomee mara mbili. Kisha akaiweka kadi ile katika mfuko wake wa plastiki, pamoja na kadi yake ya chakula, akasema: "Mwambie wamepona wawili. Mdogo bado."

Nilichukua kadi nyingine, tukaanza kuandika.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni makala hii pamoja katika kamati, kanisani, msikitini au shuleni, kisha mjadiliane:

• Ni watu gani tunaowaita "wale"? Mara ya mwisho tuliposema na mmoja wao ilikuwa lini?

• Kama ungekuwa na mistari mitatu tu, ungemwambia nini mtu wa upande wa pili? Ungemwuliza nini?

• Katika eneo letu, ni habari gani ambayo ikiandikwa wazi inaweza kumhatarisha mtu?

• Ni nani kati yetu anavuka upande wa pili bila kuogopwa? Je, yuko tayari kubeba kadi?

• Mtoto aliyefiwa asipotaka kuandika, tutamsaidia namna gani bila kumlazimisha?